Aliyekaa Madirisha kwa Miaka Thelathini na Mmoja

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, saa kumi kamili jioni, mkuu wa meza ya upimaji atavua aproni yake na Jumatatu hatarudi. Ameitumikia karakana yetu ya mapazia na maturubai ya umeme wa jua kwa miaka thelathini na mmoja na miezi minne. Wateja humwita Mama Vivuli, mumewe humwita Bosi, na sisi wengine, kuanzia mlinzi wa getini hadi Mkurugenzi, tunamwita Shangazi.

Wasifu wa aina hii katika jarida letu kwa kawaida huandikwa na mtu aliyempenda mstaafu bila shida. Safari hii kazi imeangukia kwa mtu aliyemwonea wivu kwa miaka minne, na mstaafu mwenyewe ndiye aliyemchagua. Mkurugenzi alipomuuliza angependa nani aandike, Shangazi alijibu bila kuinua macho kwenye kitambaa: "Mpe Injinia. Wengine watanipaka sukari." Kisha akaongeza sharti: "Na habari ya wodi iwemo. Isipokuwemo, keki yenu mtakula wenyewe." Injinia ndiye mwandishi wa wasifu huu. Habari ya wodi imo.

Shangazi alianza kazi akiwa mshonaji wa pindo, wakati karakana ilikuwa chumba kimoja chenye cherehani mbili na dirisha lisilofunguka. Siku hizo tulishona mapazia ya sebuleni na maturubai ya kawaida ya kuzuia jua mbele ya maduka. Hakuna aliyewaza kwamba turubai laweza kuchaji simu. Inasimuliwa kwamba wiki yake ya kwanza alinyoosha pindo la hatua kumi na mbili bila kuchora mstari. Mtunza stoo wa wakati ule alilipima kwa rula, akalipima tena kuanzia upande wa pili, kisha akamnunia kwa miezi miwili. Huo ndio wivu wa kwanza unaokumbukwa katika karakana hii. Haukuwa wa mwisho.

Jambo lililomtofautisha lilianza mwaka wake wa pili. Fundi saa mmoja alirudisha turubai akilalamika kwamba limeshonwa vizuri sana, ila kila ikifika saa kumi jioni jua linampiga machoni vilevile. Wenzake walitaka kumwongezea kitambaa wamalizane naye. Shangazi alichukua kipande cha chaki, akaenda dukani kwake, akaketi kwenye kigoda tangu kufungua hadi kufunga, na kila saa akaweka alama mahali kivuli kilipofika. Aliporudi alirefusha ubavu mmoja tu, tena kwa upana wa kiganja, na fundi saa hakulalamika tena hadi alipofunga duka lake kwa uzee.

Tangu siku hiyo alikataa kukata kitambaa cha dirisha ambalo hajalikalia. Sisi tunaita "kukaa dirisha", na mgeni akisikia hudhani ni uvivu. Hata mkurugenzi wa kwanza alidhani hivyo. "Nakulipa ushone, sikulipi ukae," alimwambia. "Basi nikate kwa kubahatisha?" Shangazi akauliza, huku akimkabidhi mkasi. Mkurugenzi aliutazama mkasi, akalitazama lile jora la kitambaa cha bei mbaya lililokuwa mezani, akaenda kuketi ofisini.

Miaka kumi na mmoja iliyopita, Mkurugenzi wetu wa sasa aliingia na sanduku lenye vipande vyembamba vya sola vinavyopinda, vyeusi, vyepesi kama jalada la daftari. Akatangaza kwamba kuanzia leo vivuli vyetu vitazaa umeme. Shangazi alikichukua kipande cha kwanza, akakiweka juu ya turubai, akakipitisha chini ya sindano ya cherehani kama anavyopitisha kila kitu. Kipima umeme kikasoma sifuri.

"Shangazi, umekiua," alisema Mkurugenzi.

"Kwani kilikuwa na roho?"

Vitatu vilikufa siku ile. Alizibeba maiti hizo hadi nyumbani, kwa mumewe ambaye ni fundi redio, na kwa wiki mbili meza ya kulia chakula ikawa darasa la kulehemu nyaya. Mume alijipikia mwenyewe muda wote huo, na mpaka leo hajasahau. Akiulizwa habari za ndoa husema, "Mimi nina mwenzangu pale kazini kwake. Anaitwa turubai."

Wiki mbili zilipoisha alirudi na kitu ambacho ndicho kinachotulisha sote hadi leo: mfuko. Badala ya kukishona kipande cha sola kwenye kitambaa, alishona mfuko wenye uso wa plastiki angavu, kipande kikaingia ndani, na nyaya zikapita kimyakimya katika pindo. Turubai likichafuka, unavitoa vipande, unafua, unavirudisha. Waliokuwa wakifanya kazi kama yetu wakati ule walivigandisha vipande kwa gundi. Vumbi lilipojaa umeme ulishuka, na mteja alipofua aliua kila kitu. Sisi wenye shahada tulikuja baadaye na vipimo vyetu, tukathibitisha kwa kurasa arobaini kwamba mwanamke mwenye sindano alikuwa sahihi.

Turubai la kwanza la mifuko lilifungwa mbele ya duka la kinyozi. Mashine yake ya kunyolea ikawa inanguruma hata umeme ukikatika mtaa mzima, na wateja wakawa wanahama wakiwa wamenyolewa nusu kichwa kutoka kwa kinyozi wa ng'ambo ya barabara. Siku ya tatu kinyozi wa ng'ambo alikuja kuagiza lake. Alitaka kitu kimoja tu: liwe kubwa kuliko la jirani kwa shubiri mbili.

Baada ya maturubai yakaja mapazia ya vibao, yale ambayo unavuta kamba na vibao vinageuka kulifuata jua. Shangazi ndiye aliyeamua kwamba kamba iwe upande anaokaa mtu, wala si upande unaopendeza kwenye picha. Leo kuna maktaba ambayo taa zake zote za kusomea zinatokana na madirisha yake, na kuna chumba cha kushonea sare ambamo cherehani sita zinaendeshwa na mapazia matatu. Huko kote alikaa kwanza.

Miaka minne iliyopita aliajiriwa Injinia, akiwa na shahada, kompyuta, na programu inayokuambia jua litakuwa wapi dakika yoyote ya mwaka wowote. Haukupita mwezi akagundua kwamba amefika mahali ambapo wateja hupita mbele ya meza yake kama inavyopitwa nguzo. Waliingia, wakatupa macho, wakauliza, "Shangazi yupo?" Akiwa hayupo waliketi kumngoja. Fundi wetu wa kupandisha maturubai, jamaa mrefu ambaye sote tunamwita Ngazi, aliipokea michoro ya Injinia kwa mikono miwili na kwa adabu zote, kisha akaipeleka moja kwa moja meza ya pili, "kumwonyesha Shangazi tu." Shangazi aligusa kitambaa kilichopendekezwa, akasema, "Hiki kimechoka," na kwa bahati mbaya kilikuwa kimechoka kweli. Mtu anaweza kuvumilia kushindwa na aliyesoma zaidi yake. Kushindwa na vidole vya mtu kunauma kwa namna nyingine.

Shangazi naye, kwa kibali chake twasema, hakuwa malaika. Mkurugenzi aliitundika michoro ya rangi ya Injinia ukutani, na kila asubuhi Shangazi aliipita akiwa amegeuzia uso upande wa choo. Kazi zake mwenyewe hazikuwahi kutundikwa popote isipokuwa kwenye madirisha ya watu. Injinia alipotumwa ng'ambo kwenye kongamano la siku kumi, alirudi na mkoba wa kitambaa na kalamu za zawadi. Shangazi alipokea kalamu, akaijaribu, akauliza, "Huko nako wana madirisha?"

Ndipo Mkurugenzi alipotangaza kwamba meza ya upimaji itapata mkuu rasmi. Hii ndiyo meza inayotoa neno la mwisho juu ya kila dirisha kabla mkasi haujafunguka. Shangazi alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa bila cheo. Injinia alikuwa na miezi tisa kazini na cheo hicho alikitaka hadi kukosa usingizi. Mkurugenzi alisema angechagua baada ya kazi ya wodi ya wazazi.

Wodi hiyo ni ya hospitali ndogo, ina madirisha kumi na manane yote yanayotazama magharibi. Mchana akina mama hulala humo kama mikate kwenye tanuri. Tulitakiwa kufunga maturubai kumi na manane yatakayowapa kivuli na wakati huohuo kuendesha feni. Mchoro alipewa Injinia, usimamizi wa ushonaji akapewa Shangazi, na karakana nzima ikajua maana yake.

Shangazi alikwenda kukaa. Alikaa siku nzima nje ya ukuta wa wodi, na kwa chaki akachora mistari saba: mahali ambapo kivuli cha roshani ya ghorofa ya juu kilifika, saa baada ya saa. Kesho yake, saa tatu asubuhi, Injinia alifika kuchukua vipimo vya mwisho. Upande ule ulikuwa bado hauna jua hata chembe. Ramani ya jengo aliyopewa ilichorwa kabla roshani haijaongezwa. Roshani aliiona, akaichukulia kuwa pambo. Mistari ya chaki pia aliiona, akajua ni ya nani, na akasikia joto masikioni, kama mtu aliyesahihishwa kabla hajafungua daftari. Akamwomba mfagiaji aifute.

Shangazi alipokuja na Ngazi kuangalia mahali pa kutoboa, alikuta ukuta umeoshwa. Hakuuliza ni nani. Siku kitambaa kilipopanda mezani, alitazama jinsi vipande vya sola vilivyopangwa kwenye mchoro, mistari ya kusimama kutoka juu hadi chini, akauliza mara moja tu: "Una hakika umelikaa dirisha hilo?"

"Shangazi," Injinia akajibu mbele ya washonaji wote, "kompyuta imelikaa."

Washonaji wawili walicheka. Shangazi alikaza uzi, akashona maturubai kumi na manane kama yalivyochorwa, kwa mshono mzuri kuliko yote aliyowahi kushona.

Yalifungwa siku moja. Tuliyajaribu saa kumi na nusu jioni, jua likiwa limeyapiga usoni, na umeme ukapanda hadi tukashangilia. Mkurugenzi alimpa Injinia mkono. Kesho yake saa nane mchana matroni wa wodi alipiga simu. "Feni zenu zimegoma," alisema. "Nina akina mama kumi na wanne hapa wanapepewa kwa mafaili ya hospitali. Njooni, na mje na mafaili yenu."

Tulipofika, kila mtu aliliona kosa bila kuelezwa. Kivuli cha roshani kilikuwa kimelala juu ya theluthi ya juu ya kila turubai, kimenyooka kama kilichopigwa rula. Vipande vya sola vilivyoungwa mstari mmoja ni kama watu waliojipanga kupokezana ndoo ya maji: mmoja akisinzia, ndoo haifiki. Mistari ikiwa ya kusimama, kila mmoja ulikuwa na msinziaji wake kivulini, kwa hiyo yote ilikufa. Ingekuwa ya kulala, mistari ya juu tu ingepumzika na ile ya chini ingefanya kazi tangu saa sita. Jioni jua liliposhuka kivuli kiliondoka na umeme ukarudi, na ndiyo maana majaribio yetu yalitudanganya.

Mkurugenzi aliuliza kosa ni la nani. Injinia alifungua mdomo. Shangazi alimtangulia.

"Mimi niliona wiki tatu zilizopita. Nilikaa hapa, nikaweka alama ukutani. Kisha nikanyamaza, nikashona."

"Ulinyamaza kwa nini?"

"Wivu," alisema Shangazi, kwa sauti ileile anayotajia aina ya kitambaa. "Nilitaka aanguke. Nikasahau kwamba chini yake kuna watu wamelala."

Kuna watu wakikiri, wanaobaki huonekana safi. Injinia hakuweza kubaki hivyo. Alisema kwamba alama zilikuwepo, kwamba aliziona na kuzijua, na kwamba yeye ndiye aliyeagiza zifutwe. Mkurugenzi aliwatazama mmoja baada ya mwingine. "Kwa hiyo," akasema, "nina mafundi wawili wanaojua kila kitu, na wodi haina upepo."

Aliyemaliza shauri ni matroni. "Hivi ninyi hamwezi kuoneana wivu huku mnafanya kazi?" aliuliza. "Mimi na dada yangu tumefanya hivyo miaka hamsini."

Kwanza wawili hao walirudi kulikaa dirisha, pamoja, kwenye benchi moja, tangu saa moja asubuhi. Saa tano ndipo Shangazi akasema, "Unajua ninachokuonea wivu? Unachora kitu, watu wanakiamini hata hakijashonwa. Mimi kila siku lazima nionyeshe." Injinia akajibu kwamba anachomwonea yeye ni hicho hicho upande wa pili: wanamwamini hata kabla hajaonyesha. Wakachora tena mistari saba. Kwa siku tisa walifumua na kushona upya, mistari ya kusimama ikawa ya kulala, turubai moja moja, Ngazi akishusha na kupandisha huku akiimba nyimbo za kuwachokoza. Siku ya kumi, saa nane mchana, feni zote zilizunguka. Mama mmoja aliomba ya kwake ipunguzwe.

Mkurugenzi hakumpa cheo yeyote. Kwa mwaka mzima kila mchoro ulihitaji sahihi mbili, ya Shangazi na ya Injinia, na mengi yalisemwa juu ya michoro ile ambayo jarida hili haliwezi kuyachapisha. Mwaka ulipoisha, cheo alimpa Shangazi. Mwandishi wa wasifu huu alipiga makofi kama wengine, na viganja vilimwasha hadi jioni.

Katika miaka miwili na ushee ya ukuu wake hakuna turubai wala pazia lililorudishwa kwa sababu ya kivuli. Aliagiza kila dirisha likaliwe kwanza, kisha kompyuta iulizwe, na majibu yakitofautiana, mtu arudi kukaa. Amefundisha washonaji sita, na wawili kati yao sasa wana karakana zao na wanatunyang'anya wateja, jambo linalomfurahisha kuliko inavyostahili. Tusimpake sukari: huficha mkasi mzuri, hasifu kazi ya mtu hata akibanwa, na chai ya watu wanne huinywa peke yake.

Mwezi uliopita Injinia alikaa dirisha la mwokaji mikate kwa siku mbili, akachora, akapima, akauliza kompyuta, vyote vikakubaliana. Akampelekea Shangazi mchoro akiwa na hakika kwamba leo, baada ya miaka minne, hana la kusema. Shangazi aliuinamia mchoro huo, akaupitia kwa kidole kutoka juu hadi chini. Kisha akasema, "Saa tisa mwokaji hufungua mlango wa kushoto apoze mikate. Kivuli cha mlango umekihesabu?"

Hakikuwa kimehesabiwa.

Jumatatu meza ya upimaji inakwenda kwa Injinia. Mkurugenzi amekwisha kusaini barua, na wenzake wamempongeza. Inafaa ijulikane kwamba hakuipata kwa namna aliyoitaka. Aliitaka kwa kushinda. Ameipata kwa kubaki. Angekuwa na hiari, angeomba mwaka mmoja zaidi wa kushindana, kwa sababu hakuna mtu mwingine hapa ambaye kumshinda kungekuwa na maana yoyote.

Shangazi, karakana nzima inakushukuru. Ngazi anasema hajui sasa atampelekea nani michoro "kumwonyesha tu". Matroni ametuma salamu na kuuliza kama keki itatosha wodi. Mumeo anaomba tumrudishie mke wake akiwa mzima, na ameahidi kwamba safari hii hatajipikia peke yake. Tunakutakia asubuhi zisizo na haraka, afya ya macho na vidole, na miaka mingi ya kukaa popote upendapo bila mtu kukuuliza umekaa kwa kazi gani.

Na mimi, kwa kuwa uliniagiza nisipambe, nakutakia jambo moja la ziada. Kila utakapopita chini ya dirisha nililolifanya, simama, litazame vizuri kwa jicho lako baya, utafute kosa na ulikose. Na ukiliona, usinyamaze.